Mlinzi Mwenye Kiu

Mji wa Saffron una milango minne, na kila mlango una mlinzi wake. Katika gemu za kwanza za Pokémon, zilizotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, mchezaji hufika kwenye milango hiyo akiwa na beji kadhaa kifuani na viumbe waliokomaa kwa mapambano, na bado hapiti. Mlinzi hana ugomvi naye. Yuko zamu, koo limemkauka, na barabara imefungwa. Hayo tu ndiyo anayoyasema: kwamba ana kiu, na kwamba barabara imefungwa.

Hakuna pambano la kumwondoa pale, na hakuna mtu wa kumwelekeza mchezaji la kufanya. Anaweza kuzunguka milango yote minne na kuambiwa maneno yaleyale. Mpaka siku atakapoingia duka kubwa la mji jirani wa Celadon, apande ghorofa kwa ghorofa hadi juu ya paa, akute mashine zinazouza vinywaji: maji kwa 200, soda kwa 300, maji ya limau kwa 350. Paa hilohilo lina binti mdogo, naye ana kiu. Akimpa kinywaji, binti humzawadia. Akikumbuka basi yule mlinzi, akamrudia na chupa moja, mlinzi atakunywa, ataahidi kuwagawia wenzake, na milango yote minne itafunguka kwa chupa hiyohiyo.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi kuliko ninavyomfikiria bingwa yeyote wa gemu hizi. Watengenezaji wangeweza kuweka pale jiwe la kulipuliwa au adui wa kuangushwa. Waliweka mtu mwenye kiu, na wakaacha sharti la kuingia mjini liwe kumsikia. Mchezaji aliyezoea kubonyeza maneno yapite haraka hulisoma neno kiu na kulisahau palepale, kisha hulalamika kwamba gemu imekwama. Aliyesikiliza anajua kwamba njia ya kuingia mji ule mkubwa inapita kwenye koo la mtu asiye na cheo. Na ndani ya mji huo watu wamejifungia majumbani kwa hofu, kwa sababu genge la Team Rocket limeteka jengo la kampuni ya Silph. Mji unaohitaji msaada kuliko yote umefungwa kwa kitu cha thamani ya 200.

Satoshi Tajiri, aliyebuni gemu hizi, alizaliwa mwaka 1965 akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, siku ambazo huko kulikuwa bado na vichaka, mabwawa na mashamba ya mpunga. Alikuwa mtoto wa kukamata wadudu. Mji ukapanuka, mashamba yakajengwa, na wadudu wakapungua kila mwaka. Baadaye alipoona waya unaounganisha Game Boy mbili aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Alitaka watoto wanaokua kwenye zege wapate furaha ile aliyoipata yeye. Mtu mwenye historia hiyo angeweza kuujenga mji kama adui wa gemu yake, mahali pa kupita mbio kurudi porini. Lakini miji ya Pokémon imejaa vizee, wachuuzi, mafundi na watoto walio peke yao, na kila mmoja ana neno la kusema ukimkaribia. Porini unakusanya viumbe. Mjini unakutana na watu, na hao hawakusanyiki. Unawasikiliza tu, kisha unaamua.

Mji ninaoupenda kuliko yote ni Goldenrod, wa gemu za Gold na Silver za mwaka 1999. Uliigwa kutoka Osaka, na una kila kitu ambacho mtu wa bara huwasimulia wenzake akirudi nyumbani: mnara wa redio, duka la ghorofa nyingi, stesheni ya treni ya kasi, njia ya chini ya ardhi yenye ndugu wawili vinyozi wanaowatengeneza viumbe manyoya. Mchezaji mwenye haraka hahitaji hata robo ya hayo. Atawatibu viumbe wake, ataingia ukumbi wa mapambano, atamshinda kiongozi wake Whitney, na ataondoka zake.

Ila Whitney hamwachi aondoke hivyo. Akishindwa hulia, na hatoi beji. Mchezaji amebaki ameduwaa katikati ya ukumbi, ushindi anao, cheti cha ushindi hana. Inabidi ageuke kuondoka ndipo msichana mmoja amweleze kwamba Whitney hulia kila akishindwa na kwamba atanyamaza muda si mrefu. Ndipo anarudi, anazungumza naye tena, na beji inatoka. Watoto wengi huudhika hapa. Mimi naona ni jambo jema kabisa kumwonyesha mtoto kwamba upande wa pili wa ushindi wake kuna mtu aliyeumia, na kwamba anapaswa kumpa nafasi.

Kuna pia muuza baiskeli. Alihamia Goldenrod akitarajia biashara, na wateja hawaji. Anamwomba mchezaji kitu kidogo: achukue baiskeli moja, aiendeshe mitaani na barabarani, watu waione. Hakuna mkataba wala malipo. Mchezaji anaendesha kwa shughuli zake mwenyewe, na siku moja simu inalia. Ni yule muuza baiskeli, anashukuru, mauzo yamepanda, na baiskeli sasa ni ya mchezaji. Msaada wote uliohitajika ulikuwa kuonekana ukitumia kitu cha mwenzio. Kila mwenye genge jipya mtaani anaujua uzito wa mteja wa kwanza anayesimama mbele ya meza yake watu wakiona.

Lakini kazi ninayoiweka juu ya nyingine zote inaanzia kaskazini ya mji, kwenye kibanda cha lango la Route 35. Mlinzi wa hapo ana rafiki yake mbali, Route 31, na ana barua ya kumpelekea. Anamkabidhi mchezaji ndege aitwaye Spearow, mdogo na mkali, aliyebeba barua hiyo. Katika toleo la Kiingereza ndege huyo amepewa jina, na jina lenyewe ni Kenya. Gemu haielezi sababu. Msomaji wa Kisumu au Mombasa anayekutana na jina la nchi yake limevikwa ndege wa posta katika nchi ya kubuni iliyoigwa kutoka eneo la Kansai, Japani, ana haki ya kutabasamu.

Tazama jinsi amana hii ilivyopangwa. Kwanza, inachukua nafasi. Mchezaji hubeba viumbe sita tu kwa wakati mmoja, na kama nafasi zote zimejaa itabidi amwache mmoja wa wale aliowalea ili ndege wa mtu mwingine apate pa kukaa. Pili, barua ni lazima ibaki na ndege. Ukiichomoa, uaminifu wako umeharibika na rafiki wa mlinzi hatakuwa na cha kupokea. Tatu, na hapa ndipo penye mtihani, kiumbe ambaye mmiliki wake wa kwanza ni mtu mwingine hupata uzoefu haraka kuliko uliyemkamata mwenyewe. Kenya akiingizwa vitani anakua upesi. Kadiri unavyomtumia ndivyo anavyokufaa, na ndivyo mkono unavyozidi kuwa mzito kumtoa.

Nne, hakuna anayefuatilia. Katika gemu hii simu hulia kila mara. Wapinzani wa zamani hupiga wakitaka marudiano, na hata muuza baiskeli alipiga. Mlinzi wa lango hapigi. Hakuna siku ya mwisho wala adhabu. Mchezaji anaweza kumaliza gemu nzima, akaitwa bingwa, na barua bado iko kwa ndege. Na njia yenyewe haijanyooka, maana barabara ya karibu ya kurudi upande wa Route 31 imezibwa na mti ambao kumbe si mti. Ni kiumbe anayejifanya mti, naye haondoki hadi amwagiwe maji kwa chombo kinachotolewa kwenye duka la maua palepale Goldenrod, baada ya mchezaji kumshinda Whitney. Kwa hiyo anayetaka kufikisha barua mapema arudi nyuma kwa njia ndefu, kupitia msitu na pango, au awe na subira mpaka njia ifunguke.

Kisha anafika. Rafiki mwenyewe ni mtu mnene anayesinzia kando ya njia kwa uchovu wa kutembea. Anaamka, anapokea barua, na katika gemu hizo za mwanzo anampokea na ndege pia. Kenya anaondoka kwenye kundi lako. Unachopewa ni mbinu iitwayo Nightmare, ambayo haimpati mpinzani yeyote isipokuwa aliyelala. Kwa hesabu za vita ni zawadi ndogo. Aliyefanya kazi hii kwa ajili ya zawadi atajiona amepunjwa, na tena amepoteza ndege aliyekuwa anakua vizuri.

Nani kati yetu hajakabidhiwa bahasha stendi ya mabasi na mtu asiyemjua vizuri, kwa maneno machache tu, kwamba utamkuta kaka yangu pale unaposhuka, amevaa shati la bluu? Safari nzima bahasha ile inakaa mfukoni, na mara kwa mara mkono unakwenda kuigusa. Hakuna risiti. Aliyekupa amekutazama uso, akaridhika. Sisi tumelelewa kuliona jambo hilo kuwa zito, na dini zetu zimeliweka mahali pa juu. Nilipokutana na ndege yule wa Goldenrod nililitambua jambo hilohilo, limepangwa kwa ustadi na watu wa Tokyo: mzigo mdogo, safari ndefu, kishawishi cha kweli, na hakuna shahidi.

Mchezaji akiwashinda wakubwa wote, gemu humwingiza kwenye ukumbi wa mashujaa. Hapo huandikwa viumbe aliowatumia na muda aliocheza. Barua haimo, wala kilio cha Whitney, wala chupa ya mlinzi. Kumbukumbu rasmi ya gemu haijui kama mchezaji huyu alikuwa mwaminifu. Nadhani ni sawa iwe hivyo. Uaminifu wenye safu yake kwenye ukuta wa mashujaa ungegeuka haraka kuwa mchezo mwingine wa kushindania.

Najua hoja inayokuja. Kazi karibu zote hizi zina malipo. Binti wa paa anatoa zawadi, muuza baiskeli anatoa baiskeli, na hata mlinzi wa lango, ukimrudia baada ya kufikisha barua, anakupa dawa ya kumwongezea kiumbe uhai. Mtoto aliyejifunza kwamba kila mwenye shida ana kitu mfukoni cha kumlipa amejifunza nini hasa? Hoja hii ni ya haki na siitupi. Nimekaa na watoto wanaocheza, na nimewasikia wakiuliza kabla ya kukubali ombi: atanipa nini? Gemu zimewafundisha swali hilo, na maisha ya watu wazima yanawathibitishia kila siku.

Jibu langu ni la nusu tu. Malipo hayatangazwi mapema katika gemu hizo za zamani. Mlinzi wa Route 35 hasemi kuna nini mwishoni. Yaani unapokubali, unakubali bila kujua, na muda wote unapotembea na ndege yule hujui. Shukrani ikija imekukuta ulishaamua. Kwangu kuna umbali mkubwa kati ya hilo na mshahara, na mtoto anaweza kuuona umbali huo kama kuna mkubwa karibu wa kuzungumza naye. Bila mkubwa huyo, nakubali, huenda asiuone.

Kitu kingine hunikera zaidi ya malipo, nacho ni milango. Mchezaji huingia nyumba yoyote bila hodi. Anasimama sebuleni kwa watu, anafungua mapipa yao ya taka kutafuta vitu, anatoka bila kuaga, na wenyeji wanamsimulia habari zao kana kwamba walikuwa wakimngoja. Nimetamani gemu moja tu ambamo mlango unabishwa, mtu anasubiri, na mara nyingine hakuna anayeitikia. Ingekuwa gemu ya polepole sana. Lakini ukarimu wa wenyeji wale ungeonekana, kwa sababu wangekuwa na uwezo wa kukataa.

Mwaka 2010 zikaja Black na White, na mji wa Castelia, uliochotwa kutoka New York. Unaingia kwa daraja refu lililoning'inia, na mbele yako maghorofa yanafunika anga. Wapita njia wanakatiza kwa makundi, hawasimami. Ni mara ya kwanza mji wa Pokémon kumfanya mchezaji ajione si kitu. Na katika mji huo kuna kazi isiyo na uzito wowote kwa hadithi kuu: wachezaji dansi watatu waliotawanyika, na mchezaji akiamua, anawatafuta mmoja mmoja kwenye mitaa mpaka wakutane kwenye uwanja wenye chemchemi. Hakuna ulimwengu unaookolewa. Kuna watu watatu tu wanaocheza pamoja katikati ya mji wenye haraka, jambo lisilokuwapo asubuhi.

Kiongozi wa ukumbi wa Castelia, Burgh, ni msanii, na viumbe wake ni wadudu. Nikimkumbuka Tajiri na mabwawa ya Machida, siwezi kuliona hilo kama sadfa. Na mchezaji anapomfuata Burgh apambane naye, kwanza kunatokea jambo jingine: kiumbe wa msichana Bianca ameibwa na genge la Team Plasma, na Burgh anaweka kando shughuli za ukumbi wake kwenda kumsaidia. Beji inasubiri. Kwa mara moja, mkubwa wa mji naye anafanya kazi ya kando.

Sasa tuna Lumiose, uliofananishwa na Paris. Ulionekana kwanza mwaka 2013 katika X na Y, na tarehe 16 Oktoba 2025 ukapewa gemu nzima peke yake, Pokémon Legends: Z-A. Hakuna nchi ya kuzunguka; mji ndio nchi. Kampuni ya Quasartico inausuka upya ili watu na viumbe waishi humo pamoja, na sehemu za mitaa zimetengwa kuwa maeneo ya viumbe wa porini. Mwenye kufungua duka anakuta kona yake imegeuka makao ya viumbe. Swali la Machida limerudi kwa sura ya kinyume: badala ya mji kula pori, pori linarudishwa mjini kwa mpango, na watu wanalazimika kujadiliana nalo mlango kwa mlango.

Mchezaji analala Hoteli Z, na mwenye hoteli ni AZ, mtu mrefu kupita kiasi aliyeishi miaka 3,000. Waliocheza X na Y wanamjua. Alikuwa mfalme, kiumbe aliyempenda alikufa vitani, akatengeneza mtambo wa kumrudishia uhai, kisha kwa hasira akaugeuza kuwa silaha iliyoimaliza vita kwa maangamizi. Sasa anapokea wageni. Anafungua vyumba kwa watu wasio na pa kulala. Gemu haimwombei msamaha wala haimpi vita ya kusafishia jina. Imempa hoteli, na kila siku mtu mwingine anayehitaji kitanda. Sijaona katika mfululizo huu wote wazo lililokomaa kuliko hilo kuhusu mtu mwenye deni asiloweza kulilipa.

Vijana wanaokaa naye hotelini wanasaidia watu wa mji, na misheni za pembeni ni nyingi sana. Nyingine ni nzuri. Ila kila mwenye haja ana alama kwenye ramani. Mchezaji anafungua simu, anaona wapi pana mtu wa kusaidiwa, anakwenda, anamaliza, alama inafutika. Naelewa sababu, mji ni mkubwa, na mtu aliyechoka kutoka kazini hataki kupoteza jioni yake akizunguka bure. Lakini yule mlinzi wa Saffron asingebaki yuleyule akiwa na alama. Tungemfikia na chupa mkononi tayari, tukimwona kama kituo cha kusimama. Alama inakuambia nani ana shida kabla hujamtazama, na mara tu unapozizoea unaanza kuwapita wasio nazo bila hata kusikia wanachosema. Nimejiona nikifanya hivyo Lumiose, nikikimbia kwenye barabara zilizojaa watu kuelekea nukta moja.

Watengenezaji wakinisikia, ningewaomba kitu kidogo tu kwa mji ujao. Waziache alama zao zote kwa wanaozihitaji. Kisha mahali fulani, kwenye benchi la kawaida au mlango wa dukani, wamweke mtu mmoja asiye na alama, mwenye haja inayosemwa mara moja katikati ya mazungumzo mengine, ambayo anayeisikia ataweza kuitimiza na asiyeisikia hatakosa chochote katika safari yake.